Mtunze Paka Anayelinda Ghala: Mwasho wa Ngozi na Vidoa vya Kidevu

  

Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Leo nataka tuzungumze juu ya mfanyakazi mmoja ambaye tukihesabu mifugo yetu huwa hatumtaji. Hatoi maziwa, hatagi mayai, wala hapelekwi mnadani. Lakini usiku, wewe umelala, yeye yu macho juu ya magunia yako. Mfanyakazi huyo ni paka. Tutaangalia ngozi yake: kwa nini anajikuna, vile vidoa vyeusi vya kidevuni vinatoka wapi, na ni dawa zipi zilizomo ndani ya nyumba yako ambazo ukimpaka zinaweza kumwua.

Pengine utasema, "Aa, mambo ya ngozi ya paka ni ya watu wenye nafasi." Ngoja kwanza, ndugu yangu. Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Na panya akitawala katika chumba cha mahindi, hasara ni yako na watoto wako.

Basi tuchukue nyumba moja ya mfano pale Kihonda, upande wa kaskazini wa mji wa Morogoro, ambako ukisimama uani unaitazama milima ya Uluguru ng'ambo ya mji. Mwenye nyumba ni mama mmoja. Kiwanja chake ni kidogo, cha nyumba na bustani ya mchicha tu. Shamba lake liko Mvomero. Akivuna mahindi ya masika, huyaleta nyumbani kwa gari, magunia 12, akayapanga katika chumba cha nyuma chenye dirisha la nondo na wavu. Paka wake hulala humo. Nje hatoki, maana barabarani kuna magari na pikipiki, na kwa jirani kuna mbwa. Chakula chake huwekwa katika kopo la plastiki lililobaki baada ya siagi kwisha. Huyo ndiye paka wa ndani.

Siku moja mama anaona paka anajikuna sana. Anamshika, anamtazama usoni. Kidevuni kuna vidoa vyeusi, vidogovidogo, kama mtu aliyemwagiwa unga wa kahawa. Jirani anakuja, anatazama, anatoa shauri: "Shoga, si unayo ile dawa ya mahindi? Mnyunyizie kidogo, wadudu wote watakufa."

Shauri hilo limetolewa kwa nia njema. Lakini hapo ndipo ilipo hatari yenyewe, na ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo.

Ili tuelewane, nataka ukumbuke jambo moja tu, nalo ni ulimi wa paka. Ng'ombe ukimwogesha dawa ya kupe, dawa hubaki mgongoni. Mbwa naye hujilamba, lakini si sana. Paka ni tofauti. Paka hutumia saa nyingi kila siku akijisafisha kwa ulimi wake, ulimi mkali kama tupa. Chochote unachompaka juu ya manyoya, kiwe unga, mafuta au maji ya dawa, kitaingia mdomoni na kushuka tumboni. Kwa hiyo kabla ya kumpaka paka kitu, jiulize: je, kitu hiki ningekubali akile? Kama jibu ni hapana, basi usimpake.

Kuna jambo la pili ndani ya jambo hilohilo. Ulimi wa paka hufika karibu kila mahali mwilini, lakini haufiki kidevuni pake mwenyewe. Jaribu wewe kulamba kidevu chako, utaona. Paka hufuta kidevu kwa mguu wa mbele uliolowa mate, na hiyo haitoshi. Ndiyo maana kidevu hubaki na mafuta na mabaki ya chakula, na ndiyo maana vidoa hupenda kutokea hapo.

Sasa tuitazame hiyo dawa ya mahindi. Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 aligunduliwa nchini mwetu, huko Tabora, mdudu mgeni aliyetoka Amerika ya Kati. Ni dumuzi. Jinsi alivyokuwa akiyapiga mahindi kwa nguvu, baadhi ya wakulima walimwita Scania. Kupambana naye, wakulima walifundishwa kupukuchua mahindi na kuyachanganya na dawa ya unga. Dawa hiyo ina sumu mbili: moja ni pirimifosi-methili, inayoua fukusi na wenzake, na nyingine ni permethrini, inayomwua dumuzi. Kwa mahindi, ukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, dawa hiyo ina kazi yake. Kwa paka haina kazi.

Kwa nini? Kwa sababu ini la paka halikuumbwa kama la mtu, ng'ombe au mbwa. Ini lake ni dhaifu katika kuzivunjavunja sumu za aina fulani, na permethrini ni mojawapo. Sumu ambayo mbwa huistahimili na kuitoa mwilini, kwa paka hukaa na kumtesa. Hata dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, yenye permethrini nyingi, imeua paka wengi duniani. Mwenye paka huona picha ya mbwa kwenye kichupa, akafikiri, "Mbwa na paka si wote wanyama wa nyumbani?" Akamtia matone mgongoni. Kesho paka hayupo.

Basi naomba uandike, au umwambie mtoto aandike, vitu ambavyo havipakwi juu ya paka.

Kwanza, dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi na maharage.

Pili, dawa ya josho na ya kunyunyizia ng'ombe, hata ukiichanganya na maji mengi.

Tatu, dawa ya viroboto ya mbwa.

Nne, mafuta ya taa, dizeli na oili chafu ya gari. Najua oili chafu ina sifa ya kuponya ukurutu wa mbwa. Paka akiilamba humuunguza mdomo na tumbo, na mafuta ya taa yakimwingia mapafuni anaweza kufa.

Tano, dawa za kusafishia vidonda na sakafu zenye harufu kali, hasa zile ambazo ukizitia majini maji yanageuka meupe kama maziwa. Kwa binadamu zinasaidia, lakini nyingi zina sumu ambayo ini la paka haliiwezi.

Sita, mafuta mazito ya mwarobaini. Mwarobaini tunausifu kwa mengi, lakini kwa paka tuuache.

Na la saba si la kupaka, ila nalitaja kwa sababu wengi hukosea hapo: usimpe paka kidonge cha parasetamoli kwa kumwonea huruma anapoumwa. Kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinaweza kumwua.

Haya. Pengine unauliza, "Sasa nifanye nini? Mbona umenikataza kila kitu?" Swali zuri. Tiba ya kweli huanza kwa kujua ugonjwa. Paka anayejikuna na paka mwenye vidoa vya kidevu huenda wana magonjwa mawili tofauti, au paka mmoja anayo yote mawili. Tuyapitie moja baada ya jingine.

Tuanze na kipimo rahisi ambacho hakina gharama. Chukua kitana chenye meno ya karibukaribu, kile cha kutolea chawa. Mchane paka mgongoni karibu na mkia, na shingoni, juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji kidogo. Ukiona chembe nyeusi zimeanguka, zikandamize kwa kidole. Zikiyeyuka na kuacha rangi ya kutu, nyekundunyekundu, basi hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani ni damu ya paka wako iliyopita tumboni mwa kiroboto. Sasa fanya vivyo hivyo kidevuni. Vidoa vikiwa vimeshikilia ndani ya ngozi, havianguki wala havitoi rangi nyekundu, basi hizo ni chunusi za kidevu.

Ndiyo, ndugu mkulima, paka naye hupata chunusi. Chini ya ngozi ya kidevu mna tezi nyingi zinazotoa mafuta. Mafuta hayo yakichanganyika na ngozi iliyokufa huziba vitundu vya nywele, na ile sehemu ya juu ikageuka nyeusi. Vidoa vikiwa vichache, paka hana habari navyo. Hali yake iko sawa, anakula, anawinda. Lakini vikiingiwa na vijidudu, kidevu huvimba, huwa chekundu, hutoka vipele vya usaha, na hapo paka huumia na kujikuna hadi damu.

Sababu yake si moja, na mara nyingine hata daktari haioni. Lakini jambo moja ambalo madaktari wa mifugo hulishuku mara nyingi ni chombo cha plastiki. Kopo la plastiki hukwaruzika upesi, hasa likisuguliwa kwa steliwaya. Ndani ya mikwaruzo hiyo mafuta ya mchuzi na vijidudu hujificha, hata ukiliosha namna gani. Paka anapokula, kidevu chake hukaa palepale, asubuhi na jioni.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ya chunusi za kidevu huanzia kwenye chombo. Ondoa kopo la plastiki. Tafuta sahani ya bati au ya kauri, pana na isiyo na kina, ili kidevu kisizame katika chakula. Ioshe kila siku kwa sabuni na maji ya moto, isuuze, iache ikauke. Usiseme, "Ni ya paka, itaoshwa kesho." Bakuli la maji nalo ni hivyohivyo.

Tiba ya pili ni usafi wa kidevu chenyewe. Chemsha maji nusu lita. Tia kijiko kimoja kidogo cha chai cha chumvi, kisijae kupita kiasi, kisha acha maji yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu. Chovya kitambaa safi cha pamba, kikamue kidogo, ukiweke kidevuni kwa dakika 2 au 3 bila kusugua. Halafu kausha. Fanya hivyo mara moja au mbili kwa siku. Akikataa, mvingirishe katika taulo au kanga mbili, kichwa tu kibaki nje, na mtu mmoja amshike huku akisemeshwa polepole. Wala usivikamue vidoa kwa kucha kama vijana wanavyofanya mbele ya kioo. Ukikamua unasukuma uchafu ndani, na ugonjwa mdogo unaufanya mkubwa.

Vidoa vikibaki vichache na paka hana maumivu, endelea na usafi tu, kwa maana vingine huwa havishi kabisa bali hutulia. Lakini baada ya wiki 2 usipoona nafuu, au ukiona uvimbe, usaha, damu, au paka ameacha kula, huo ni wakati wa kumwona daktari wa mifugo.

Sasa twende kwa viroboto, ambao katika paka wanaojikuna ndio washitakiwa wa kwanza. Hapa nataka uelewe jambo ambalo litakuokolea fedha. Viroboto unaowaona juu ya paka ni sehemu ndogo tu ya jeshi lote. Kiroboto hutaga mayai juu ya paka, mayai yakaanguka chini. Yanaanguka kwenye mkeka, kwenye gunia analolalia, kwenye nyufa za sakafu, na kwenye vumbi la pumba chini ya magunia ya mahindi. Huko hutoka viluwiluwi, navyo hujifunga katika vifuko na kungoja, mara nyingine kwa miezi kadhaa, mpaka wasikie mtikisiko wa mnyama anayepita. Kwa hiyo ukimtibu paka na kukiacha chumba, umefukuza wageni na kuacha mlango wazi.

Fanya hivi. Kila siku mchane paka kwa kitana, na kila unapochana chovya kitana katika bakuli la maji ya sabuni. Viroboto watazama humo. Kila wiki fua kitambaa anacholalia kwa maji ya moto, ukianike juani. Magunia usiyaweke chini sakafuni. Yapandishe juu ya chaga za mbao, yasiguse ukuta, ili ufagio upite chini yake na nyuma yake. Fagia, uchafu uuchome moto nje. Endelea kwa wiki nyingi bila kuchoka, hata ukiona kama viroboto wamekwisha. Utakuta pia kwamba chumba kikiwa hivyo, unyevu unapungua na panya anakosa pa kujificha. Kazi moja, faida tatu.

Wakizidi nguvu zako, daktari wa mifugo anazo dawa za matone za kutia nyuma ya shingo, mahali ambapo ulimi wa paka haufiki, na zimetengenezwa kwa ajili ya paka. Soma paketi. Ukiona jina la paka halikuandikwa, rudisha dukani.

Ugonjwa wa tatu ni ukurutu, unaoletwa na utitiri mdogo sana usioonekana kwa macho, unaochimba ndani ya ngozi. Huu mara nyingi huanzia kwenye ncha za masikio, ukaja usoni na shingoni. Ngozi inakuwa nene, ya kijivu, yenye magamba, manyoya yanapukutika, na paka anawashwa usiku na mchana. Paka aliyeachwa hivyo hukonda mpaka akafa. Ukurutu huambukiza paka wengine, na mtu anayemshikashika anaweza kutokwa na vipele vya kuwasha mikononi kwa muda. Mtenge paka huyo, kisha mtafute daktari.

Na hapa nina neno kwa wale wenye chupa ya sindano ya minyoo na kupe ya ng'ombe kabatini. Nawajua. Sindano ile ya ng'ombe, yenye dawa ya asilimia 1, kipimo chake ni mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Paka wako ana kilo 3 au 4. Piga hesabu mwenyewe: hata sehemu moja ya kumi ya mililita hafikii. Ni tone, na bomba lako la sindano haliwezi kulipima. Ukikosea kidogo tu umempa dawa ya ndama. Mwachie daktari.

Ugonjwa wa nne ni choa, wengine huita mashilingi. Huu ni ukungu wa ngozi. Kwa paka huonekana kama duara lisilo na manyoya, lenye magamba makavu, mara nyingi usoni, masikioni au miguuni. Nautaja kwa mkazo kwa sababu huhama kutoka kwa paka kwenda kwa mtoto. Mama anaona mtoto ana duara kichwani, anampaka dawa, linapona, baada ya mwezi linarudi. Analaumu dawa, kumbe mtoto analala na paka. Tena paka mwingine hubeba choa bila kuonyesha alama yoyote. Basi mtoto apelekwe zahanati, paka naye apelekwe kwa daktari wa mifugo, wakati mmoja. Mpaka wapone, paka asilale kitandani, na mikono ioshwe kwa sabuni kila anaposhikwa.

Na paka mweupe je? Jua letu hapa ni kali. Paka mwenye masikio na pua nyeupe akipata kidonda kwenye ncha ya sikio ambacho hakiponi kwa wiki kadhaa, usikidharau. Kinaweza kuwa mwanzo wa saratani ya ngozi, na kikiwahiwa hutibika.

Sasa tuseme mkosi umekwisha tokea. Mtoto, au jirani mwenye huruma, amempaka paka dawa ya mahindi. Dalili zake ni hizi: mate yanamtoka, anatetemeka, masikio na ngozi vinachezacheza, anayumba, mwisho anapatwa na degedege. Usingoje. Vaa mifuko ya plastiki mikononi. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya kuoshea vyombo, umsuuze vizuri, umkaushe na kumfunika apate joto. Usimpe maziwa, wala usimtapishe. Mtie katika tenga au boksi lenye matundu, chukua na paketi ya ile dawa, ukimbie kwa daktari. Paketi ni muhimu, kwa sababu ndiyo itakayomwambia daktari ni sumu gani.

Sisi wa Morogoro tunayo bahati. Kutoka Kihonda unapita Msamvu, unaingia mjini, unaelekea chini ya milima ya Uluguru, unafika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoanzishwa mwaka 1984. Pale wanafundishwa madaktari wa mifugo, na ipo hospitali ya wanyama. Usione haya kupanga foleni ukiwa na paka katika tenga nyuma ya mtu mwenye ng'ombe. Nawe uliye mbali na mji, anza kwa Afisa Mifugo wa kata yako, ambaye wengi wetu bado tunamwita Bwana Mifugo au Bibi Mifugo. Na ukimpeleka paka huko, ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo humpata paka pia. Paka akikuuma au kukuparura unapomtibu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukapate ushauri.

SUA hiyohiyo inajulikana duniani kwa utafiti wa panya. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO linawafundisha pale panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na hata kunusa vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Hao wana kazi yao ya heshima. Panya wa gunia lako hana cheti, huyo mwachie paka.

Na ukimwachia paka, mwachie kazi isiyo na sumu. Ukitega sumu ya panya katika chumba alimo paka, panya ataila, atalegea, paka atamkamata kwa urahisi, na sumu itawamaliza wote wawili. Chagua moja: sumu au paka. Tumia mitego, ziba matundu kwa saruji, na paka afanye yaliyobaki.

Kuhusu dumuzi, siku hizi kuna mifuko isiyopitisha hewa. Ina mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Mahindi yaliyokauka vizuri ukiyafunga humo, hewa inaisha ndani na wadudu wanakufa wenyewe bila dawa ya unga. Kwa nyumba ambayo watu, watoto na paka wanalala karibu na mahindi, hilo ni jambo kubwa. Lakini kumbuka: mfuko huo unafanya kazi ukiwa mzima. Panya akiutoboa tundu moja tu, hewa inaingia na dumuzi anafufuka. Kwa hiyo mfuko unahitaji paka, na paka anahitaji chumba kisicho na unga wa sumu. Vinasaidiana.

La mwisho ni chakula. Kuna mawazo kwamba paka asipolishwa ndipo atakapowinda vizuri. Paka mwenye njaa hukonda, ngozi yake hukauka, manyoya hupukutika, na kila ugonjwa niliotaja humwingia kwa urahisi. Ugali mtupu haumtoshi, kwa maana paka ni mla nyama. Mchanganyie dagaa waliooshwa chumvi na mchanga, vichwa vya samaki, au utumbo wa kuku uliopikwa. Na maji safi yasikosekane.

Haya, turudi Kihonda kwa mama yetu. Jirani bado amesimama pale mlangoni na paketi ya dawa mkononi. Mama anaipokea, anashukuru, anairudisha juu ya kabati. Anachukua kitana na kitambaa cheupe. Anachana, anakandamiza, anaona rangi ya kutu mgongoni: viroboto. Kidevuni vidoa havitoki: chunusi. Anachemsha maji ya chumvi. Kopo la siagi analigeuza la kuoteshea miche ya nyanya. Paka anapewa sahani ya bati. Jumamosi, mama na wanawe wanatoa magunia yote 12 nje, wanafagia, wanapanga chaga. Gharama yake ni sabuni, chumvi na jasho. Jirani naye anarudi kwake akiwa na jambo la kumsimulia mwingine.

Hivyo ndivyo elimu inavyotembea, ndugu mkulima. Shauri baya lilikuwa limeanza safari kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Sasa ni shauri jema linalosafiri.

Kabla ya kuagana, turudie kwa ufupi. Ulimi wa paka unakula kila unachompaka, kwa hiyo usimpake kisicholiwa. Ulimi wake haufiki kidevuni, kwa hiyo kidevu ni kazi yako: sahani ya bati, maji ya chumvi, kitambaa safi. Anayejikuna, mpime kwa kitana na kitambaa kilicholowa. Viroboto wapige vita chumbani zaidi kuliko mwilini. Ukurutu, choa na usaha ni kazi ya daktari. Na dawa ya mahindi ibaki kwa mahindi.

Leo jioni, ukimaliza kula, mwite paka wako, mnyanyue kidevu, utazame chini yake kwenye mwanga. Dakika moja inatosha.